Sanamu ya Shilingi 1,950,000: Uchambuzi wa Kisa cha Mkusanyaji wa Arusha

Usuli

Kisa hiki kinamhusu mkusanyaji wa sanamu za wahusika, yaani wanasesere wa wahusika wa filamu na katuni, anayeishi Arusha, ambaye hapa ataitwa Mkusanyaji tu. Jina lake, jina la duka, kampuni iliyotengeneza sanamu na mhusika mwenyewe vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili asitambulike. Fedha zote za kigeni zimekokotolewa kwa shilingi 2,600 kwa dola moja.

Mkusanyaji ni mhasibu katika kampuni ya utalii, na mapato yake hufuata msimu: miezi ya Juni hadi Oktoba na sikukuu za mwisho wa mwaka huja na marupurupu, ilhali Aprili na Mei, masika yanapoharibu njia za mbugani, hubaki mshahara mtupu. Ameoa, na mtoto wao anasoma shule ya kulipia. Kwa miaka kadhaa amekusanya sanamu zenye urefu wa sentimita 15 hivi, na nyingi kati ya hizo hakuziagiza ng'ambo, bali alizichambua mwenyewe katika mafungu ya vichezeo vya mitumba pale soko la Kilombero, hapohapo Arusha, na, kila anapokwenda Moshi kuwasalimia wazazi, katika soko la Memorial. Mwenye jicho hupata huko, kwa bei ya soda mbili tatu, sanamu orijino iliyopoteza silaha au kiganja. Mkusanyaji huiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, huibana viungo vilivyolegea, kisha huipanga kabatini pamoja na wenzake. Hii ndiyo shule aliyosomea, nayo ilimfundisha kutambua plastiki nzuri na rangi halisi. Haikumfundisha kununua kitu ghali, kwa kuwa hakuwahi kununua kimoja.

Sanamu aliyoitamani ilikuwa ya aina nyingine. Ilikuwa ya kipimo cha moja kwa sita, yaani sehemu moja ya sita ya kimo cha mtu, urefu wa sentimita 30 hivi, kipimo kilichopata umaarufu tangu kampuni ya Hasbro ya Marekani ilipotoa G.I. Joe mwaka 1964 kwa ajili ya watoto. Leo kipimo hicho kimehamia kwa watu wazima, hasa kupitia watengenezaji wa Hong Kong kama Hot Toys, iliyoanzishwa mwaka 2000: uso hupakwa rangi kwa uangalifu mkubwa, nguo hushonwa kwa kitambaa halisi, viganja vya kubadilisha huja vingi, na taa ndogo huwaka kwa betri za kidonge. Sanamu ya kisa hiki ilivaa koti refu jeusi la ngozi bandia. Koti hilo ndilo lililoamua mambo.

Yaliyotokea

Mwezi Februari mkusanyaji mwenzake alimtumia picha ya sanamu hiyo kutoka duka moja la ghorofani Kariakoo, Dar es Salaam. Ilikuwa ndani ya katoni yake ya kahawia yenye gundi ya kiwandani, haijafunguliwa, na uzalishaji wake ulikwisha kusimamishwa miaka kadhaa nyuma. Bei ilikuwa shilingi 1,950,000. Mkusanyaji alipopiga simu, muuzaji alimwambia, "Kaka, hii haitoki tena kiwandani. Ikiondoka hapa utaitafuta mpaka uchoke." Jioni hiyohiyo Mkusanyaji alituma kianzio cha shilingi 300,000 kwa simu, kwa masharti kwamba salio lingelipwa mwisho wa mwezi na kianzio hakirudi.

Salio lilikuwa shilingi 1,650,000. Alikuwa na akiba ya 900,000, hivyo zikapungua 750,000, nazo akakusudia kuzikopa katika kikundi cha kuweka na kukopa ambamo mkewe pia ni mwanachama. Mdhamini alihitajika, na mdhamini wa kwanza aliyemwendea alikuwa mkewe. Mama huyo hakugomba, wala hakuyaita makusanyo ya mumewe utoto, kwani alikwisha kuyazoea. Alimuuliza jambo moja: "Sawa, Baba Junior. Siku tukibanwa na ada, hapa Arusha nani atakupa hiyo milioni mbili kwa mdoli?"

Mkusanyaji hakuwa na jibu. Ndipo aliponiletea karatasi ya hesabu akitaka maoni, kwa kuwa nimekuwa nikiwasaidia wakusanyaji wa kanda hii kukadiria thamani ya vitu vyao. Karatasi ilikuwa na mistari miwili tu. Mstari wa kwanza ulisema kwamba bei ya mtengenezaji siku sanamu ilipotoka ilikuwa dola 265, sawa na shilingi 689,000, kwa hiyo muuzaji anapata faida ya shilingi 1,261,000. Mstari wa pili ulisema kwamba bei itapanda zaidi, kwa hiyo kununua ni kuweka akiba. Mistari hiyo ilipingana, maana wa kwanza ulilalamika kuwa amelanguliwa na wa pili ulimtarajia mwingine aje alanguliwe baada yake.

Kuipasua bei

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuivunja ile bei vipande vipande. Dola 265 ni bei ya mnunuzi aliye karibu na duka lililoko ng'ambo, na mtu wa Arusha hawezi kuilipa hata akitaka. Tuliongeza usafirishaji na bima, dola 75 kwa boksi la ukubwa ule, tukapata dola 340, yaani shilingi 884,000 mzigo ukifika bandarini au uwanja wa ndege. Juu yake kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25 unaotozwa vichezeo, yaani 221,000. VAT ya asilimia 18 haihesabiwi kwenye bei ya kitu peke yake, bali kwenye jumla ya kitu, usafiri na ushuru, yaani 1,105,000, hivyo inakuwa 198,900. Tozo ndogondogo za forodha, malipo ya wakala na nauli ya kifurushi kwa basi hadi Arusha tulizikadiria kuwa 95,000. Jumla ikafika shilingi 1,398,900.

Kwa hesabu hiyo, hata sanamu hiyo ingekuwa bado inatoka kiwandani na kuuzwa kwa bei ya siku ya kwanza, isingemfikia Mkusanyaji kwa halali chini ya takribani shilingi 1,400,000. Ulanguzi katika bei ya Kariakoo haukuwa 1,261,000, bali kama 550,000. Kiasi hicho si kidogo, ila ni jambo jingine kabisa na mtu kuuziwa kitu karibu mara tatu ya thamani yake. Mnunuzi anayeufananisha ushuru na ulanguzi huingia kwenye mazungumzo akiwa na hasira isiyo na mahali pa kutua, na muuzaji anayejua gharama zake humpuuza.

Kisha tulitafuta mbadala. Maduka ya vitu vilivyotumika ya Japani yanajulikana kwa kueleza hali ya kitu bila kuficha, na sanamu hiyohiyo, boksi likiwa limefunguliwa, ilipatikana huko kwa dola 190. Kwa usafiri uleule, ushuru uleule na tozo zilezile, ingefika Arusha kwa shilingi 1,111,275. Nambari hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa rungu la Mkusanyaji katika yote yaliyofuata.

Suala la koti

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu wakusanyaji wengi hulipa zaidi kwa katoni ambayo haijafunguliwa wakiamini kwamba kilicho ndani kimebaki kama kilivyotoka kiwandani. Kwa plastiki ngumu ya ABS imani hiyo ina msingi kiasi, kwa kuwa adui yake mkubwa ni mwanga wa jua, nao hauingii katonini. Kwa ngozi bandia haina msingi. Koti la namna ile ni kitambaa kilichopakwa tabaka jembamba la poliurethani, aina ya plastiki, na tabaka hilo huvunjwa polepole na unyevu wa hewa, kazi inayokwenda kasi zaidi penye joto. Linaanza kupasuka mahali panapokunjwa, yaani kiwiko, kwapa na ukosi, kisha linabambuka magamba. Katoni haizuii unyevu, na zile karatasi za plastiki zinazofungwa kuzunguka viungo ili rangi isichubuke zinaweza hata kuubana unyevu huo juu ya koti. Sanamu hii ilikuwa imekaa miaka kadhaa katika stoo ya Dar es Salaam, jiji la pwani lenye joto na unyevu karibu mwaka mzima. Mtu angetaka kubuni mahali pa kuliharibu koti la poliurethani asingehangaika sana.

Plastiki laini ya PVC nayo ina tabia yake: mafuta yaliyochanganywa ili iwe laini hutoka taratibu juu ya uso wake, na sanamu iliyofungiwa muda mrefu hutoka boksini ikinata vidoleni. Hilo huoshwa likaisha. Koti haliponi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa Mkusanyaji ulikuwa kuahirisha mkopo hadi sanamu ikaguliwe. Muuzaji alikataa katakata kufungua katoni, akisema kwamba ikifunguliwa thamani imekwisha. Walifikia mwafaka kwamba mkusanyaji mmoja wa Dar es Salaam aende dukani, gundi ya katoni ya nje ikatwe mbele yake, trei ya ndani ivutwe bila sanamu kutolewa, na Mkusanyaji aangalie kwa simu ya video. Muuzaji alikubali kwa sharti kwamba koti likiwa zima, bei haizungumzwi tena. Ni sharti la haki, na Mkusanyaji alilikubali.

Tochi ya simu ikimulikwa wima juu ya koti haikuonyesha kitu. Ilipolazwa ubavuni, mwanga ukipita juu ya kitambaa badala ya kukipiga usoni, nyufa nyembamba zilijitokeza kwenye kiwiko cha kulia, na nyuma ya ukosi palikuwa na sehemu ya ukubwa wa ukucha iliyokwisha kubambuka na kuacha kitambaa cha kijivu. Yule mwenzake alipogusa trei, chembe nyeusi zilibaki kidoleni. Muuzaji mwenyewe alishangaa, na sina sababu ya kudhani alikuwa akijua, kwani asingeweza kuiona bila kufungua.

Muuzaji alishuka hadi 1,800,000. Uamuzi wa pili, ambao kwangu ndio kiini cha kisa, ulihusu kile kianzio. Mkusanyaji alikuwa akisema kwamba lazima amalizie kununua, la sivyo 300,000 zitapotea. Lakini fedha hizo zilikuwa zimekwenda akinunua au asinunue. Swali halisi lilikuwa ni kiasi gani cha salio kingemfaa kuliko kuagiza ile ya Japani kwa 1,111,275. Jibu ni salio lolote lililo chini ya hapo. Kwa hiyo kikomo chake kwa duka la Kariakoo kilikuwa jumla ya 1,411,275, na juu ya hapo ilikuwa afadhali kuacha kianzio kipotee na kuagiza ng'ambo. Alimpelekea muuzaji hesabu hiyo kwa ujumbe, bila matusi na bila kusihi, akataja 1,250,000. Walikutana kwenye 1,350,000.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kutokopa. Salio jipya lilikuwa 1,050,000, akiba ikatoa 900,000, na sanamu kadhaa ndogo alizoziuza kwa mkusanyaji wa Moshi zikampa 180,000. Mkewe aliondolewa kwenye udhamini.

Matokeo

Sanamu ilifika Arusha kwa basi ikiwa salama. Koti lilipovuliwa lilichanika kwapani, na kifua chini yake kilikuwa na doa la rangi nyeusi iliyohama kutoka kwenye koti, doa ambalo halikutoka lote. Betri zilizokuwa ndani zilikuwa hazijavuja. Zilitolewa na kuwekwa kando.

Koti jipya lilishonwa na fundi mmoja wa karibu na Soko Kuu ambaye kazi yake ya kila siku ni kubana suruali na kubadilisha zipu. Koti la kwanza alilikata kwa ngozi ya mkoba, na sanamu ikalivaa ikasimama mikono imetanuka kama mtu aliyefungwa godoro. Ngozi ilikuwa nene mno kwa kipimo kile. Mkusanyaji alileta jozi ya glavu za ngozi za mitumba, ngozi laini isiyozidi unene wa karatasi ngumu, na fundi akafumua lile koti la zamani kipande kwa kipande ili litumike kuwa ramani. Koti la pili lilikaa. Ukosi wake umeinuka kidogo kuliko wa awali, na mshono wa bega la kushoto unaonekana kwa anayeutafuta. Kazi yote pamoja na glavu iligharimu 70,000, hivyo jumla ya matumizi ikawa 1,420,000.

Miezi michache baadaye mtengenezaji alitangaza toleo jipya la mhusika yuleyule, safari hii likiwa na koti la kitambaa, na bei za toleo la zamani zikaanza kulegea ng'ambo. Duka la Kariakoo nalo liliweka tangazo la kupokea oda za toleo hilo jipya.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni ukaguzi. Bila nyufa zile za kiwiko, hesabu ya ushuru pekee isingemshusha muuzaji kwa shilingi 600,000, kwa kuwa muuzaji alikuwa sahihi kwamba sanamu haipatikani kirahisi nchini. Kukagua kabla ya kumaliza kulipa si dharau kwa muuzaji, na katika kisa hiki kuliwafaa wote wawili, maana koti lile lingebambuka mikononi mwa mnunuzi yeyote baada ya muda mfupi na ugomvi ungekuwa mkubwa zaidi.

Kilichoshindwa zaidi ya vyote ni kianzio. Kama Mkusanyaji asingelipa kianzio, kikomo chake kingekuwa 1,111,275. Alilipa 1,350,000. Tofauti ya shilingi 238,725 ni gharama ya jioni moja ya pupa, na ni kubwa kuliko fedha zote alizowahi kuokoa katika miaka yote ya kuchambua mitumba. Ni kweli kwamba ile ya Japani ingekuwa na hatari zake: koti lake nalo lilikuwa la umri uleule, na kurudisha mzigo ng'ambo si jambo la kuwaza. Lakini hatari hizo zilikuwa zimeelezwa waziwazi na bei yake ilizizingatia, ilhali ile katoni ya Kariakoo iliuzwa kana kwamba haina hatari yoyote.

Ile hoja ya akiba inahitaji jibu kamili, kwa sababu Mkusanyaji hakuizua mwenyewe. Kila mkusanyaji amesikia habari za sanamu ndogo ya majaribio ya Boba Fett, mhusika wa filamu za Star Wars, yenye kurusha roketi, iliyotengenezwa na kampuni ya Kenner mwaka 1979 na isiuzwe madukani kwa kuhofia usalama wa watoto, ambayo mwaka 2024 ilinunuliwa mnadani Marekani kwa dola 525,000. Habari ni ya kweli, ila haihusiani na sanamu za leo. Vichezeo vya miaka ile ni adimu kwa sababu watoto walivichezea, wakavivunja, na mama zao wakavitupa pamoja na maboksi. Sanamu za leo zinanunuliwa na watu wazima wanaozihifadhi zote na maboksi yake, na mtengenezaji yuko hai, ana kalibu zake, na anaweza kutoa toleo jingine lenye uso uliochongwa vizuri zaidi wakati wowote anaoona kuna wanunuzi. Ndivyo ilivyotokea hapa. Kilichokuwa adimu hapo kilikuwa katoni tu, na katoni hiyo ilikuwa ikioza kutoka ndani.

Kwa Arusha na Moshi kuna jambo la ziada. Ng'ambo mtu akitaka kuuza ana minada, maduka na wanunuzi wengi wanaoshindana. Huku wanunuzi wa sanamu za kipimo hiki wanafahamiana kwa majina, na wengi wao hukosa fedha miezi ileile, kwa kuwa wengi wanategemea utalii. Swali la mkewe lilikuwa na uzito kuliko mstari wowote wa ile karatasi: thamani ya kuuzia ni ile ambayo mtu aliyepo anaweza kuitoa siku unayoihitaji.

Baada ya kununua kulibaki kosa moja ambalo lingeweza kuzuiwa mapema. Kabati la vioo lilielekea dirisha la mashariki, na jua la asubuhi la Arusha, mji ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, lina nguvu ya kufifisha rangi na kuipa plastiki nyeupe umanjano. Ubaridi na ukavu wa mji huu ni rafiki wa ngozi bandia kuliko hewa ya pwani, lakini faida hiyo inapotea kabati likiachwa juani. Limekwisha kugeuzwa, na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu sasa vinawekwa ndani badala ya kutupwa.

Je, ilistahili kununuliwa? Kwa 1,950,000 haikustahili, wala kwa mpenzi wa mhusika huyo, kwa sababu angekopa ili alipie katoni. Kwa 1,350,000 ilimstahili yeye: fedha zilikuwa zake, kasoro aliijua, na alikuwa tayari kuhangaika na fundi. Mkusanyaji anayetaka kitu kitimilifu kabatini angefanya vyema kusubiri toleo jipya, japo nalo lingemgharimu zaidi ya milioni moja na nusu hadi limfikie. Mwaka uliofuata yule mkusanyaji wa Moshi aliyenunua zile sanamu ndogo alikuja kuiona, akaigeuza, akaugusa ule mshono wa bega, akatoa ofa ya 900,000 taslimu. Mkusanyaji alikataa. Ofa hiyo ndiyo bei pekee ya kweli tuliyo nayo ya sanamu hiyo katika mikoa hii miwili, na pengo la shilingi 520,000 kati yake na matumizi yote ndicho kiasi ambacho Mkusanyaji amelipa ili iwe kwake. Analitaja bila kuona haya, na mkewe pia analijua.